Mshale wa Bibi Nesi

Kila siku akirudi shuleni, Chiriku alianza na sakafu. Alivua sare, akavaa gauni la nyumbani, akala kilichofunikwa mezani, kisha akaingia chumba cha kazi cha mama yake akiwa na sumaku iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo. Aliipitisha sumaku hiyo chini ya meza ya kukatia, chini ya cherehani na kandokando ya ukuta, na pini zilizodondoka tangu asubuhi ziliruka zikanata. Baada ya hapo alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa. Mama yake alikuwa fundi wa mapazia, na chumba kile cha mbele kilikuwa karakana, ofisi na mahali pa kupokea wateja, vyote kwa pamoja.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Baba yake mkubwa ndiye aliyempa alipokuwa mdogo, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza, na jina likamganda. Darasani alikuwa bingwa wa kuchekesha. Aliweza kuiga mwendo wa mwalimu wa hesabu, kikohozi cha mlinzi wa getini na hata mlio wa mlango wa maktaba. Wenzake walipomwona anafungua kinywa, walianza kucheka kabla hajasema kitu.

Wakati huo mama yake alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Nesi mmoja mstaafu, aliyekuwa anaishi mji wa mbali, alikuwa karibu kufungua nyumba ya wageni. Alihitaji mapazia ya vyumba vyote vya kulala, ya sebule na ya ukumbi wa kulia. Mwuza vitambaa naye alikuwa mji mwingine tena. Zamani kazi ya namna hiyo ingewalazimu watu kusafiri na mabunda ya sampuli kwapani, lakini mwuza vitambaa alileta njia mpya. Alimtumia kila mmoja kiungo. Wakikifungua kwenye kompyuta, wote watatu walijikuta ndani ya ukurasa mmoja wa duka lake kwa wakati uleule. Mmoja akiushusha ukurasa, ulishuka kwa wote. Mmoja akifungua picha ya kitambaa, ilifunguka kwa wote. Kila mtu alikuwa na mshale wenye rangi yake na jina lake. Wa mama ulikuwa wa buluu, na pembeni yake uliandikwa "Fundi". Wa mwuza vitambaa ulikuwa wa rangi ya chungwa, na wa yule nesi ulikuwa wa kijani. Sauti zao zilipitia kwenye simu iliyowekwa spika.

"Ni kama tumekaa meza moja," mama alisema siku ya kwanza. "Namwona kabisa anavyosita kwenye rangi. Hajasema kitu, lakini nimeshajua kama kaipenda."

Mteja huyo walimwita Bibi Nesi, na mwenyewe alilipokea jina hilo kwa furaha. Alikuwa na sauti ya taratibu na adabu nyingi. Aliuliza kila jambo mpaka mwisho: kitambaa hiki kikifuliwa hakitachuja? Bitana ya pazia itazuia jua la asubuhi, au mgeni ataamshwa alfajiri? Marinda yakiwa mengi, vumbi halitajificha humo? Mama alipenda maswali yake. Alisema ni mteja anayejua anachotaka.

Ila mshale wa Bibi Nesi ulikuwa na vituko. Haukutulia. Ulitetemeka, ukapita picha iliyokusudiwa, ukarudi, ukapita tena upande wa pili. Mara nyingine ulibofya kitambaa kisichotakiwa, na ukurasa mzima ukaruka kwa wote.

"Samahani, fundi," Bibi Nesi alikuwa akisema.

"Hakuna neno, Bibi. Tuko pamoja," mama alijibu, kisha akangoja.

Chiriku, akiwa amekaa pembeni anakunja sampuli, alijiuma midomo asicheke.

Siku mambo yalipoharibika, Kibiriti alikuwa amekuja kufanya naye kazi ya nyumbani ya sayansi. Kibiriti alikuwa binti wa jirani, na walisoma darasa moja. Waliomwita hivyo walisema anawaka upesi na kuzimika upesi. Wasichana hao wawili walikaa kwenye benchi nyuma ya mama, madaftari mapajani, huku mama na Bibi Nesi wakichagua kitambaa cha ukumbi wa kulia. Mwuza vitambaa alikuwa ameshaaga ili akahudumie wateja dukani, na mshale wake wa chungwa ulikuwa umetoweka.

"Bibi, nisubiri kidogo," mama alisema. "Ile sampuli iko kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nikaipime tena nikupe urefu ulio kamili."

"Sawa, mwanangu. Na mimi kuna mtu anabisha hodi hapa. Narudi sasa hivi."

Simu ikawa kimya. Mama akafunga kipaza sauti cha simu, akachukua utepe wake wa kupimia, akatoka.

Chiriku akahamia kwenye kiti cha mama. Akashika kipanya cha kompyuta, akakitikisa, na mshale wa buluu ukaanza kutetemeka kwenye skrini kama kuku aliyenyeshewa. Kibiriti akacheka mpaka akaangusha kalamu. Kicheko hicho ndicho kilichomponza Chiriku. Mtu akimchekea, hakuweza kuishia hapo. Aliangalia kisanduku cha kutafutia vitambaa kilichokuwa juu ya ukurasa, akaandika humo: "Huyu paka mzee hawezi hata kukamata kipanya."

Kibiriti alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Chiriku akaongeza: "Mikono yake inacheza bila muziki."

Hakubonyeza penye neno "tafuta". Aliamini kwamba maneno yasiyobonyezwa hayaendi popote, yanabaki kwa aliyeyaandika. Lakini alipoinua macho aliuona mshale wa kijani. Ulikuwa chini kidogo ya maneno yake, umesimama. Tangu auzoee mshale ule, hakuwahi kuuona umetulia namna ile, kana kwamba mkono uliokuwa unaushika ulikuwa umeondolewa.

"Karudi?" Kibiriti alinong'ona.

"Hapana. Kauacha tu hapo," Chiriku alisema, lakini vidole vyake vilikuwa tayari vinafuta maneno yale, moja baada ya jingine.

Mama akaingia na sampuli begani, akafungua kipaza sauti. "Bibi, upo?"

Mshale wa kijani haukusogea.

"Nipo." Sauti ilikuwa ileile ya adabu, ila imekuwa nyembamba. "Fundi, tuishie hapa leo. Nitakupigia."

"Kuna tatizo, Bibi?"

"Hakuna. Siku njema."

Mshale wa kijani ukatoweka. Mama alisimama akiutazama ukurasa, kisha akawageukia watoto. "Kumetokea nini? Mmegusa kitu?"

"Hatujagusa, mama," Chiriku alisema. "Mtandao ulikuwa unakatikakatika."

Kibiriti alilikodolea macho daftari lake la sayansi kana kwamba majibu yote ya dunia yamo humo.

Bibi Nesi hakupiga simu kesho yake, wala siku iliyofuata. Mama alipompigia, simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Akampigia mwuza vitambaa, kwa ukali ambao Chiriku hakuuzoea.

"Kaka, huo mtambo wako umeniharibia kazi. Mteja amekatikiwa na mtandao katikati ya mazungumzo, sasa hata simu yangu hapokei."

"Pole, fundi," mwuza vitambaa alijibu kwa unyonge. "Hilo ni jambo zito. Ngoja nilichunguze mwenyewe."

Alipiga siku ileile jioni, wakati Chiriku yuko mezani anashonea ndoano kwenye utepe wa pazia la mteja mwingine. Mama alikuwa ameweka spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye cherehani.

"Fundi, nimekaa na mtaalamu wetu, tumepekua kila kitu. Siku ile mtandao haukukatika hata kidogo. Bibi alikuwa ndani ya ukurasa mwanzo mpaka mwisho."

"Labda alikuwemo lakini haoni ninachofanya?"

"Anaona, fundi. Ndiyo kazi ya kitu hiki. Anachokiona mmoja wanakiona wote. Hata ukiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, mwenzako anaona herufi mojamoja kadiri unavyoziandika. Hata ukikosea ukafuta, anakuona unavyofuta."

Ndoano ilimchoma Chiriku kidoleni. Hakusema "aa". Masikio yalimwaka. Herufi mojamoja. Basi Bibi Nesi alikuwa amerudi kutoka mlangoni, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kuona neno "paka" likijiandika, kisha "mzee", na hakujua linakoelekea mpaka likafika. Alikuwa ameyaona pia yakifutwa, kwa haraka, kama mtu anayeficha kitu nyuma ya mgongo.

Kisha likamjia jambo jingine baya zaidi. Mshale ule wa buluu uliokuwa ukitikisika kwa dhihaka uliandikwa "Fundi". Kwa Bibi Nesi hapakuwa na mtoto yeyote chumbani. Aliyemcheka alikuwa mama.

Tangu hapo chumba cha kazi kikawa kigumu kwa Chiriku kuingia. Mama hakununa wala hakugomba, na hilo ndilo lililomtesa. Alikuwa anajitafutia makosa. Alikata kitambaa, akasimama na mkasi mkononi, akasema, "Labda ni pale nilipomwambia maua makubwa yanakizeesha chumba. Yeye mwenyewe ni mtu mzima, huenda alidhani namsema." Baadaye tena, akiwa anapiga pasi: "Au naongea haraka? Wewe mwanangu huwa unatusikia. Niambie ukweli, nilikuwa namharakisha?"

"Hapana, mama," Chiriku alijibu, macho yake yakiwa kwenye pasi.

Shuleni napo hakukuwa na nafuu. Kibiriti alikuwa ameshalisambaza lile neno la paka mzee, na wakati wa mapumziko watoto walimzunguka Chiriku wakitikisa penseli zao hewani. "Tuonyeshe, Chiriku. Tuonyeshe anavyokamata kipanya." Alisema tumbo linamuuma, akaenda kukaa nyuma ya madarasa. Kibiriti akamfuata.

"Umekuwaje? Nani atajua?" Kibiriti alisema. "Ukinyamaza, limekwisha. Yule bibi hata hatujui sisi."

"Anamjua mama yangu," Chiriku alisema.

Kibiriti akaanza kuchora mchangani kwa kidole cha mguu.

Siku hiyo jioni mama alikuwa anachora kitambaa kwa chaki, vidole vyote vimekuwa vyeupe. "Njoo unichapie ujumbe," alimwambia Chiriku. "Simu ndiyo hiyo hapo. Mwandikie Bibi Nesi."

Chiriku akaichukua. Mama akasema neno baada ya neno, akifikiri katikati: "Shikamoo, Bibi. Naona nilikukwaza bila kujua. Kama kuna neno nililolitamka vibaya, au kama nilikuharakisha, naomba uniwie radhi. Mimi ni mtu wa sindano, maneno mengine hunipita. Fundi wako." Vidole vilevile vilivyoandika habari za paka mzee vikayaandika na hayo.

"Nisomee nisikie."

Chiriku akasoma. Alipofika kwenye "naomba uniwie radhi", sauti ikamkwama.

"Una mafua?"

"Ndiyo, mama."

Huo ulikuwa uongo mwingine, na safari hii aliusikia ukitoka. Akatuma ujumbe. Jibu lilikuja kabla chaki haijafutwa mikononi mwa mama: "Ujumbe wako umefika. Nakutakia kazi njema."

Mama alilisoma, akaliangalia tena. "Huyu mtu hajakasirika," alisema polepole. "Mtu aliyekasirika hukuandikia mengi. Huyu ameumia."

Jumamosi asubuhi Chiriku alimkuta mama amesimama juu ya kigoda karibu na dirisha, anashusha lile pazia la mfano alilolishona kwa ajili ya sebule ya Bibi Nesi. Lilikuwa pazia zuri, zito, la rangi ya majani makavu, lenye pindo la upana wa kiganja. Mama aliliweka mezani, akachukua wembe, akaanza kufumua pindo. Nyuzi zilikatika kwa sauti ndogo, tik, tik, tik.

"Mama, usifumue."

"Kitambaa kitafaa kwa kazi nyingine, mwanangu. Hakuna maana kukaa na pazia hili."

"Usifumue. Hukumkosea wewe. Ni mimi."

Wembe ukasimama. Chiriku akasema yote akiwa amesimama mlangoni na sumaku yake mkononi. Alisema kuhusu mshale alioutikisa, kuhusu kisanduku cha kutafutia, kuhusu kicheko cha Kibiriti. Akasema kwamba mtandao haukuwahi kukatika, kwamba ule ulikuwa uongo wake. Alidhani mama atampigia kelele, na alikuwa tayari.

Mama aliuweka wembe juu ya meza. "Uliandika nini?"

Chiriku akaitazama sumaku yake.

"Hutaki kutamka. Basi njoo hapa, uandike. Nataka nione alichokiona mwenzangu."

Kompyuta ilikuwa imewaka. Chiriku akakaa, akafungua ukurasa mtupu, mama akasimama nyuma ya kiti. Chiriku hakuwahi kuandika taratibu namna ile. Kila herufi aliyoibonyeza ilitokea kwenye skrini na kukaa pale, na alihisi pumzi za mama zikitua juu ya kichwa chake. P. A. K. A. Alipomaliza sentensi ya kwanza akaondoa mikono.

"Uliishia hapo?"

"Kuna nyingine."

"Andika na hiyo."

Akaandika na hiyo. Mama aliyasoma maneno yote kwa sauti ndogo. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Alifikiri ni mimi," alisema. "Siku zote hizo namwita Bibi, namwambia hakuna neno, tuko pamoja. Akafikiri nilikuwa nayasema hayo huku namcheka mgongoni."

Chiriku alianza kulia. Mama hakumbembeleza.

"Futa," alisema.

Chiriku akajifuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Nimesema ufute hayo maneno."

Akayafuta. Mama alikaa mpaka skrini ikazimika yenyewe, kisha akanyanyuka kwenda kunawa uso. Aliporudi alikuwa ameshaamua. "Tutaanza na yule kaka wa vitambaa, kwa sababu nimemtukania kazi yake bure. Nitapiga mimi. Utaongea wewe."

Mwuza vitambaa alisikiliza bila kumkatiza. Chiriku alipomaliza, mtu yule alipumua kwa nguvu. "Binti, unajua nilimpandisha mtu juu ya paa akague waya? Haya. Ahsante kwa kunipigia. Ningeendelea kuzilaumu waya zangu mpaka lini."

Kwa Bibi Nesi haikuwa rahisi hivyo. Mama alimwandikia kwamba yuko mtu mwenye jambo la kumweleza, na kwamba akifungua ule ukurasa mara moja tu hatasumbuliwa tena. Jibu lilichelewa. Jumapili alasiri, baada ya vyombo kuoshwa, simu ikalia ujumbe mfupi: "Nafungua sasa."

Mama alifungua ukurasa, akampisha Chiriku kiti. Mshale wa kijani ulitokea pembeni, chini kabisa, ukitetemeka. Haukusogea katikati.

"Shikamoo, Bibi," Chiriku alisema kwenye simu.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, binti wa fundi. Siku ile mama alikuwa nje anapima sampuli. Yale maneno hakuyaandika yeye. Niliyaandika mimi. Na mshale nilikuwa nautikisa mimi. Mama alikuwa hajui mpaka jana. Hajawahi kukucheka hata siku moja. Nisamehe, Bibi."

Mshale wa kijani uliendelea kutetemeka palepale pembeni.

"Ulikuwa unamchekesha nani?" Bibi Nesi aliuliza.

"Mwenzangu wa shuleni."

"Akacheka?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ulifaulu." Hakulisema kwa hasira, na kwa sababu hiyo Chiriku alitamani sakafu ifunguke. "Nikueleze kitu, binti. Mikono hii ilikuwa inadunga sindano vichanga visivyozidi kiganja, na mama zao hawakuogopa. Sasa nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Nikienda dukani, nikigusa kitu, kinaanguka, watu wananitazama. Ndiyo maana nilifurahi mno mama yako na yule kijana wa vitambaa waliponiambia habari za ukurasa huu. Nilisema, alhamdulillahi, hapa hakuna atakayeiona mikono yangu, wataona rangi tu za vitambaa. Sikujua kwamba mshale unaniumbua."

Mama aliweka kiganja mdomoni. Chiriku alilia kimyakimya, na kwa kuwa simu ilikuwa karibu, Bibi Nesi alisikia.

"Sikukwambia hayo ulie. Nimekwambia ujue ulikuwa unamcheka nani." Kisha sauti yake ikabadilika kidogo. "Fundi, upo?"

"Nipo, Bibi. Sina hata la kusema."

"Mimi ndiye nina la kusema. Nilikudhania vibaya, na nilipaswa kukuuliza. Ila ule ukumbi wa kulia nimeshampa fundi wa huku, na ameanza kukata. Siwezi kumnyang'anya."

Ukumbi wa kulia ndio uliokuwa na madirisha makubwa kuliko yote, na Chiriku alijua. Alimwangalia mama yake. Mama alifumba macho, akayafumbua. "Usimnyang'anye, Bibi. Hana kosa."

"Vyumba vya kulala na sebule bado ni vyako, kama ungali unavitaka."

"Navitaka."

"Basi tuendelee. Tulifikia wapi?"

"Bibi," Chiriku alisema haraka, "ukitaka niwe nakubofyea mimi. Wewe uniambie tu wapi."

"Hapana," Bibi Nesi alijibu. "Nitabofya mwenyewe. Ninachotaka kwenu ni kungoja."

Mshale wa kijani ukaanza safari. Ulipanda, ukayumba, ukapita picha ya kitambaa cha mistari, ukateleza mpaka ukingoni. Ukarudi. Ukakipita tena. Chiriku alikaa mikono yake ikiwa mapajani. Hakucheka, wala hakujilazimisha kutocheka; alikuwa anaufuata mshale ule kama mtu anayemtazama mwenzake akivuka daraja jembamba. Hatimaye ukatua juu ya kitambaa cha rangi ya majani makavu, kilekile cha lile pazia la mfano, na picha ikafunguka kwa wote.

"Hiki," Bibi Nesi alisema.

"Hiki," mama alirudia, na akaandika.

Jumatatu watoto walipomzunguka tena na penseli zao, Chiriku aliwaambia kwamba yule bibi ni mgonjwa, kwamba aliyaona maneno yote, na kwamba mzaha ule umemnyima mama yake ukumbi mzima wa kazi. Wengine walisema ameanza kuringa. Kibiriti aliuweka ulimi wake ndani mchana kutwa, na jioni alikuja kwa kina Chiriku bila kuitwa, akajitolea kufunga ndoano kwenye utepe. Alizifunga vibaya. Mama alimwonyesha tena.

Wiki chache baadaye, mapazia yalipokuwa tayari, Chiriku na mama yake walikuwa wakilikunja pazia la kwanza la Bibi Nesi, kila mmoja ameshika pembe zake mbili.

"Mama," Chiriku alisema, "sikujua kwamba anaona. Kweli nilidhani hayupo."

"Najua."

"Na kama asingeona?"

Mama alisogea mbele, pembe zikakutana. "Kama asingeona, asingeumia, na tungekuwa na ule ukumbi. Lakini wewe ungekuwa umekosea vilevile. Ulikosea kabla hajarudi kwenye kiti chake, mwanangu. Kuona kwake kumekuaibisha tu. Watu watakwambia jihadhari na mtandao, una macho mengi. Ni kweli, jihadhari. Ila ukijifunza hilo peke yake, utakuwa umejifunza kujificha vizuri zaidi, na mimi sitaki mtoto anayejua kujificha."

Walikunja mara nyingine. Mama akalichukua pazia, akalilaza mezani na kulipapasa liwe sawa.

"Kuchekesha ni kipaji, sikukatazi. Lakini kabla hujasema neno, mkalishe huyo unayemsema hapo mbele yako, akutazame. Kama unaweza kulisema naye akacheka pamoja nawe, liseme. Kama macho yake yanakushinda, limeze."

"Ndiyo, mama," Chiriku alisema, na akanyoosha mikono apokee pazia la pili.